Wimbo wa Mzigo Usiotuliwa

Mwezi uliopita nilikuwa nje ya nyumba yangu nikichambua maharagwe, mjukuu wangu akiwa mgongoni, nikasikia majembe. Si jembe moja la mtu anayepalilia peke yake. Majembe mengi yanaanguka pamoja, pu, kimya kidogo, halafu pu tena. Nyuma ya sauti ikaja harufu ya udongo mwekundu uliochomwa na jua miezi mingi, sasa unafunguliwa kwa nguvu. Unanuka kama chungu kipya kikitiwa maji mara ya kwanza. Jirani yangu alikuwa ameita mwethya. Kama wewe si wa huku kwetu Kalama, mwethya ni kundi la majirani wanaochimba shamba kwa shamba, leo kwako, kesho kwangu, na mwenye shamba hupika.

Kabla sijajua, mdomo wangu ulikuwa unaimba. Na yule mtoto mgongoni akaanza kunipiga kwa kiganja, hapa chini ya bega, pa, pa, pa, kufuata wimbo. Niliacha maharagwe yakamwagika. Mahali hapo hapo mtoto mwingine alikuwa akinipiga, zamani, na ndiyo sababu naandika.

Kwanza tuelewane. Mimi ni nyanya na bado niko na miaka arobaini na kitu. Nikipita sokoni na mtoto watu huniuliza, "Huyu ni wa mwisho wako?" Nikisema ni mjukuu, wanapiga makofi, "Haya basi! Watoto wanazalia watoto!" Nawajibu kwamba ndiyo, mimi ni nyanya, meno yangu yote yapo, na mjukuu wangu ni mzuri kuliko wa anayeuliza. Mnaona nilivyo. Shule niliiacha darasa la sita, lakini kujibu watu niliendelea nako mpaka juu kabisa. Upole wa mama yangu sikuurithi. Niliuona tu kwa macho haya, nikiwa mdogo, na nilipouona niliudharau.

Ilikuwa ile miaka ya tisini. Baba alikuwa kibarua Athi River kwenye kiwanda, anakuja mwisho wa mwezi na sukari na mkate uliobonyea. Nyumbani tulikuwa mama, mimi na ndugu yangu Kimeu. Mimi ndiye kifungua mimba, naitwa Mumbua, kwa hivyo mama alikuwa Mama Mumbua kwa kila mtu, hata kwa pasta. Kimeu alizaliwa kwa shida. Huko hospitalini Machakos walimwambia mama kwamba mtoto alichelewa kuvuta hewa. Akafika umri wa kwenda nasari bado hajakaa, hajasimama, hajasema hata "mwaitu," ambalo ndilo neno la kwanza la mtoto wa Kikamba kumwita mama yake. Alikuwa na macho makubwa na shingo laini kama ya kifaranga. Tulimbeba. Mama akienda shamba, anambeba. Mama akipika, namfunga mimi kwa leso. Mgongo wangu uliujua mwili wake kuliko unavyojua godoro.

Watu walisema mengi, na wengi wao walisema wakiwa na Biblia kwapani. Mmoja alimuuliza mama alikula nini akiwa na mimba. Mwingine alisema Mungu humpa mtu anachoweza, akamalizia kwa kusema kwamba yeye binafsi asingeweza. Mama alijibu kila mtu, "Asante, mama. Tuombeane." Mimi nilikuwa nikisikia hilo asante linanikwama kooni kama ganda la hindi.

Sasa, kiangazi kimoja mvua ya Oktoba ikikaribia, shamba letu lilikuwa limebomoka. Lilikuwa kwenye mteremko, na mvua ya nyuma ilikuwa imekula mitaro na kushuka na udongo wote mpaka mtoni. Bila kuchimba mitaro upya, ile tunayoita fanya juu, unayochimba na kutupa udongo upande wa juu, mbegu zingesombwa na tungelala njaa. Mama peke yake na jembe moja na mtoto mgongoni asingeweza hata robo. Kwa hivyo zamu yetu ya mwethya ilipofika ilikuwa kama Krismasi. Mama aliloweka muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, tangu jana yake. Alichinja jogoo wetu wa pekee, yule wa kutuamsha.

Wanawake wakaja na majembe begani, wanacheka tangu njiani. Mbele yao alikuwa Mama Ndinda. Huyu alikuwa ngui, yaani mwenye kuanzisha nyimbo. Mwanamke mpana, sauti yake ilikuwa ikisikika mpaka ng'ambo ya kilima, na moyo wake haukuwa na kifuniko: kilichoingia machoni kilitokea mdomoni. Kanisani yeye ndiye alianzisha pambio, matangani yeye, harusini yeye. Bila yeye majembe yalikuwa yakigongana.

Niwaeleze vile wimbo wa mwethya unavyokwenda, maana hapo ndipo jambo lilipo. Ngui hutunga papo hapo. Anaona kitu, anakiimba. Anawafundisha jibu mara moja tu, halafu anauliza na mstari wote wa wachimbaji unajibu, na jibu linaangukia pale jembe linapoangukia. Hakuna anayepima maneno. Ukisimama kufikiri, jembe la jirani litakukata kidole. Mdomo unafuata mkono.

Jua lilikuwa limepanda kidogo. Mimi nimekaa juu ya mtaro na Kimeu mgongoni. Mama alikuwa katikati ya mstari. Mama Ndinda akainua macho, akatuona sisi wawili, akaona mama anavyojifuta jasho, akatabasamu. Akaanza. Kwa Kikamba ulikuwa mtamu sana, mnisamehe Kiswahili changu:

"Mama Mumbua, wabeba nini? Ni kuni?"

"Si kuni!" Pu.

"Ni maji?"

"Si maji!" Pu.

"Ni nini basi?"

"Ni Kimeu, mzigo usiotuliwa!"

Mstari mzima. Pu. Wakacheka, kwa sababu ulikaa vizuri, ulishika jembe kama mpini unavyoshika chuma. Wakarudia. Na mimi niliyekuwa nimekaa juu niliona kitu ambacho sijakisahau. Mama naye alijibu. Jembe lake lilikuwa juu pamoja na mengine, likashuka, na mdomo wake ukafunguka, "Ni Kimeu, mzigo usiotuliwa." Kisha uso wake ukasikia kile mdomo ulichosema. Hakusimama. Hangeweza kusimama. Alichimba mpaka mtaro wetu wa kwanza ukaisha, anapiga ardhi hivi kwamba mpini wa jembe ulipasuka mkononi mwake, na wenzake wakamsifu kwa nguvu zake.

Mimi nilitafuta jiwe. Kweli kabisa. Nilitafuta jiwe la kumrushia Mama Ndinda, lakini kila nililoinamia kuchukua, shingo ya Kimeu ilining'inia, nikalazimika kunyooka.

Wakati wa chakula walikaa kivulini nyuma ya nyumba. Mama alikuja moja kwa moja mpaka kwangu, akamfungua Kimeu, akampeleka mbele ya Mama Ndinda.

"Mama Ndinda, nishikie huyu nipakue."

"Mimi?" Mama Ndinda alifuta mikono kwenye leso. "Si atalia akiniona na sura hii?"

"Halii. Weka mkono chini ya shingo. Hapo. Kichwa chake ni kizito."

"Ai! Kumbe ni mzito kweli!" Akasema hivyo kwa sauti yake yote, kama kawaida, halafu akanyamaza ghafla. Nadhani ni mara ya kwanza maishani mwake kujisikia mwenyewe.

"Leo ngui amepewa kazi," mmoja akatania. "Tutakula kwa amani."

Mama alimpakulia Mama Ndinda wa kwanza. Akampa paja la yule jogoo. Mimi nilitaka kulia, maana hilo paja nilikuwa nimeahidiwa. Mama Ndinda akala kwa mkono mmoja, huku mwingine umeshika ile shingo, na mkono huo ukafa ganzi na hakuthubutu kuusogeza.

Mama hakula. Alisema anakwenda kuangalia ghala. Nilimfuata kwa sababu nilikuwa na maneno yangu ya kumwambia. Alikuwa ameinamia gunia tupu, pembe ya leso iko kati ya meno.

"Bwana," alikuwa anasema, "hao hawakujua. Lakini mimi najua. Sasa mimi nifanye nini na huku kujua?"

Akasubiri kidogo kama mtu aliyebisha hodi. Mimi pia nilisubiri. Hakuna aliyejibu. Akafuta uso, akatoka, akaniona, akaniambia nipeleke maji ya kunawa kwa wageni.

Mitaro ilichimbwa yote. Mvua ilikuja ikakaa humo vizuri. Lakini wimbo ulikuwa umetoka kwetu ukaanza safari zake. Mwethya uliofuata waliuimba. Ukaenda Jumamosi na watoto wachungaji. Ukafika shuleni, wakawa wanaruka kamba nao. Ukishuka mtoni, kule tulikokuwa tukichimba mchanga kupata maji, unawakuta wasichana wanauimba wakijaza mitungi. Hakuna aliyekuwa na ubaya. Hilo ndilo lilinimaliza. Ungempata mwenye ubaya ungemuuma mkono.

Mimi nilimuuma Mwikali, tuliyekaa dawati moja. Alikuwa anaimba mtoni, nikammwagia maji yake, nikamvuta nywele, tukaviringika mchangani.

"Kwani nimekutusi?" alilia. "Ni wimbo tu, wewe wazimu!"

Nilirudi nyumbani na sketi imechanika. Mama alikuwa anachagua mawe kwenye pojo. Nilimwambia yote. Nilitegemea nitapigwa au nitasifiwa.

"Mwikali alikuwa anamcheka Kimeu?"

"Alikuwa anaimba."

"Alimtaja akikuangalia?"

"Hata hakuwa ameniona."

Mama alitupa kijiwe nje. "Huo wimbo uko mtoni. Uko shuleni. Umevuka kilima. Niukimbize na mtoto mgongoni? Utampiga nani umuache nani, Mumbua? Mimi pia niliuimba. Utaanza kunipiga mimi?" Kisha akasema kesho asubuhi nitamchotea Mwikali maji na kumbebea mpaka kwao. Nilimbebea. Kila hatua nilimchukia mama, si Mwikali.

Nilijiambia najua kwa nini mama ananyenyekea. Tuliuhitaji mwethya. Mwanamke ambaye mume wake yuko Athi River hawezi kugombana na majembe yote ya kijiji. Niliona aibu kuwa mtoto wa mtu asiye na la kufanya.

Halafu likatokea jambo ambalo lilinivuruga zaidi. Nilikuwa natoka dukani na Kimeu mgongoni, na ng'ambo ya bonde watoto wakaanza, "Mama Mumbua, wabeba nini?" Nikasikia kitu kinanigonga chini ya bega. Pa. "Si kuni!" Pa. "Si maji!" Pa. Na kabla ya jibu la mwisho, Kimeu akacheka. Kicheko chenye sauti, kama maji yakitoka kwenye kibuyu. Hakuwahi kucheka hivyo kwa kitu chochote tulichomfanyia. Alilijua jina lake. Alikuwa akilingoja.

Nilisimama pale njiani nikatamani ardhi inimeze. Wimbo ule niliotaka kuuua ndio ulikuwa furaha yake. Sikumwambia mama. Lakini mama humfichi kitu kuhusu mtoto mnayembeba kwa zamu. Siku chache baadaye nilimkuta amesimama mlangoni na Kimeu, anasikiliza watoto wa mbali, analia na huku anacheka kwa sababu mtoto anacheka.

Mama Ndinda alikuja kwetu Jumapili moja baada ya ibada, peke yake, na majani ya kunde amefunga kwenye leso. Hakukaa alipoonyeshwa kiti. Alikaa chini kwenye mkeka.

"Mama Mumbua, ule wimbo nimejaribu kuuzima," alisema. "Juzi nilianzisha mwingine, mzuri tu, wakauacha, wakarudia ule. Nikawaambia, nyamazeni. Wakadhani ni utani. Haki ya Mungu, mimi nilifikiri nakusifu! Nilikuona unavyobeba, nikasema wacha nimwimbie huyu mama. Mpaka uliponipa mtoto nikamshika."

Mama hakusema "asante, tuombeane." Mimi niliyekuwa jikoni niliacha kupuliza moto.

"Uliniuma," alisema. "Sitakudanganya, tunasali pamoja. Uliniuma sana."

"Najua."

"Siku ile nilitaka kukwambia neno baya, na nilikuwa nalo tayari. Nikaona nikilisema, nalo litatembea."

Mama Ndinda aliinamisha kichwa. Mama akamtoa Kimeu mgongoni, akamweka tena kwenye mapaja yale mapana.

"Sasa mwimbie."

"Nimwimbie nini?"

"Huo huo. Anaupenda. Mimi sauti yangu ni mbaya, akinisikia anakunja uso."

Na aliimba, yule mwanamke wa sauti ya kuvuka kilima, kidogo kidogo kama anayeogopa kuamsha mtu. "Ni kuni? Si kuni. Ni maji? Si maji." Kimeu akapiga kiganja kwenye goti lake na kutoa kile kicheko, na Mama Ndinda akashindwa kufika mwisho.

Msidhani baada ya hapo aligeuka malaika. Wiki hiyo hiyo alimwambia mke wa pasta kwamba gauni lake jipya ni zuri, linamfanya aonekane kama pazia. Lakini alikuja kwetu kila Jumapili, anaimba, anakula, anakwenda.

Kimeu aliugua kifua wakati wa mvua ya mwaka uliofuata. Mvua ndefu, barabara ikawa tope, hakuna gari lililopanda. Mama alimfunga mgongoni, akafunika na nailoni, akashuka kwa miguu kutafuta lami. Mimi niliachwa na mbuzi na kuku. Nilisimama mlangoni nikiangalia ile nailoni ya bluu inapotea kwenye mvua, na mikono yangu haikuwa na kitu cha kushika. Niliomba. Niliomba kwa sauti, nikamwahidi Mungu kwamba nitampenda Mwikali, nitampenda Mama Ndinda, nitampenda yeyote atakayemtaja. Mama alirudi baada ya siku kadhaa na leso yake imekunjwa mkononi. Walifanya walichoweza huko hospitalini. Mgongo wake ulikuwa umenyooka, na mimi nilikuwa sijawahi kuuona umenyooka.

Tulimzika chini ya ule mtaro wa kwanza. Baba alifika jioni iliyotangulia, na viatu vya kazi. Pasta alisoma. Kisha watu wote wakamgeukia Mama Ndinda, kama siku zote, aanzishe wimbo. Alifungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Alifungua tena. Nilimwona anatafuta pambio, yeye aliyejua yote, na nadhani kila alilolishika liligeuka likawa lile moja.

Mama ndiye aliyeanza, kwa ile sauti yake mbaya.

"Mama Mumbua, wabeba nini? Ni kuni?"

Watu waliangaliana. Mmoja mmoja wakajibu. "Si kuni."

"Ni maji?"

"Si maji."

"Ni nini basi?"

Hakuna aliyejibu. Wanawake wote wale, walioimba mstari ule kwenye mashamba ya kilima kizima, midomo yao ilikuwa wazi na kimya. Kamba za jeneza zilikuwa zinashuka. Mtoto alikuwa anatuliwa. Mama alingoja. Mwishowe Mama Ndinda akasema, hakuimba, alisema, "Ni Kimeu." Akaishia hapo, na hakuna aliyeongeza neno. Nijuavyo mimi, kilima chetu hakikuuimba tena.

Miaka mingi nilibaki na hasira, nikihesabu kwamba mama alinyamaza kwa sababu ya shida. Ni kweli tulikuwa na shida, na mama hakuwahi kukana. Lakini nilipozaa wangu, nikabeba, nikasikia watu wakimsema, ndipo akili ikanifunguka. Mtu mwenye shida huinama tu, anakubali paja la jogoo wa pekee liende kwa mwingine, ananuna moyoni. Hakupi mtoto wake mikononi. Mama alimchukua yule aliyempenda kuliko vyote akamweka kwenye mapaja ya mtu aliyemuumiza, akamwonyesha pa kuweka mkono chini ya shingo. Nani alimlazimisha hilo? Pale ghalani aliuliza afanye nini na kujua kwake, na mimi nikadhani hakujibiwa. Lakini Kimeu alikuwa tayari ameshikwa huko nje.

Mimi bado sijaweza. Wanasema na mimi nawarudishia, moto kwa moto, halafu usiku wa kuamkia Jumapili naomba msamaha kwa wingi. Wakiniuliza sokoni kuhusu huyu mjukuu, mimi hujaribu kufanya kama mama. Juzi mmoja alinitania, "Nyanya mtoto!" nikashusha pumzi, nikamfungua mjukuu mgongoni, nikamwambia, "Hebu nishikie nifunge kiatu." Alimshika. Nilikuwa nimevaa malapa.

Na siku ile ya majembe niliyaokota maharagwe yangu yote kwenye vumbi. Ng'ambo walikuwa wanaimba wimbo mwingine kabisa, wa siku hizi. Nikageuza shingo nikauliza polepole, ni kuni? Kiganja kikajibu chini ya bega, pa. Ni maji? Pa.

Ni nini basi, nikamuuliza, nikangoja kama mama alivyongoja.